Picha Inayoonyesha Uso Vizuri

Ushirikiano wa kimataifa kuhusu usalama mtandaoni, kwa upande wa Kisangani, ni mimi. Ni mimi, meza yangu, feni inayozunguka pale umeme wa Tshopo unapojisikia, na simu yangu mwenyewe, maana kompyuta ya ofisi iliungua na bado tunasubiri Kinshasa wakubali kwamba imeungua. Jina langu ni Chimène. Kwenye mikutano ya wadhibiti wa nchi mbalimbali mimi ni kile kiboksi cheusi chenye jina, kwa sababu nikiwasha kamera mawasiliano yanakatika. Wenzangu wa Ulaya wanadhani nina haya. Wawaulize wakuu wangu kama nina haya.

Nasema mapema ili mtu asinisome akitarajia kwamba mwishowe serikali, kampuni na mataifa walishikana mikono wakamsaidia Mama Félicité. Walishikana mikono, kweli kabisa, niliona kwa macho yangu. Ndiyo maana hasira yangu haijapoa mpaka leo.

Mama Félicité anauza samaki wa kukaushwa katika soko la Tshopo. Watu wake ni wa Yanonge, watu wa mto. Mwanawe wa kwanza, Josué, alikuwa akiendesha taxi-moto, pikipiki ya abiria. Siku moja mtu fulani alisambaza ujumbe wa sauti kwenye simu za watu: wezi wa watoto wameingia mjini, wanatembea na pikipiki. Nani alianza, hatujui. Mchana huohuo Josué alikuwa amempakia mtoto wa jirani, anamrudisha kutoka shuleni kama alivyozoea. Walipofika mtaa mmoja ambao sitautaja, kwa kuwa wakazi wake wanajijua, mtoto akaanza kulia kwa sababu kiatu chake kilikuwa kimedondoka njiani. Watu wakasikia mtoto analia juu ya pikipiki. Hawakuuliza zaidi.

Mtoto ni mzima, na kiatu kilipatikana. Josué alizikwa. Simu yake iliondoka na mmoja wao, na mwingine alikuwa amerekodi kila kitu, mkono haumtetemeki, kisha akaiweka video ile mtandaoni na maneno haya juu yake: Mwizi wa watoto akamatwa Kisangani.

Mama Félicité alikuja ofisini kwangu akiwa amevaa nguo nyeusi, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Hakukaa nilipomwonyesha kiti.

"Madame Chimène, banasema weye njo unasimamia mambo ya batelefone."

"Kidogo, mama. Kaa kwanza."

"Bandugu ya Yanonge banataka tutoe matanga. Bon, mi nakatala. Mutoto yangu alikufa mara moja kwa barabara. Kwa telefone iko nakufa kila siku. Kama batu banafungua, anakufa tena. Nitatoa matanga namna gani, na mutoto iko bado nakufa?"

Niseme jambo hili kwa asiyeyajua ya kwetu. Kuanua matanga si maneno tu. Ndugu wanashuka na mto kutoka vijijini, wanawake wanavua nyeusi, watu wanaimba, wanakula, na kuanzia hapo mama wa marehemu anaruhusiwa kucheka bila kusemwa. Anarudi sokoni, anaitwa kwa jina lake. Asipoanua, anabaki kama mtu aliyekaa mlangoni, haingii wala hatoki. Mama Félicité alitaka kitu kimoja tu duniani: video ile iondoke ili mtoto wake amalize kufa.

"Weye uliiona?" aliniuliza.

"Niliiona, mama. Ni kazi yangu."

"Mi siyaiona. Sitaiona hata siku moja." Akavuta ncha ya kitambaa. "Alisema kitu?"

Nilimwangalia usoni nikamwambia hapana, hakusema kitu, ilikuwa haraka. Uongo huo nilimpa bure na sikuujutia. Mtu akiniambia nilikosea, aje kwanza akae kwenye kile kiti changu.

Pamoja naye alikuja binti yake, Fanny, msichana mpole mwenye simu ya kioo kilichopasuka. Kupitia simu ile nilijua habari ya pili. Josué alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, akiweka video fupifupi: anaosha pikipiki mtoni, anaiga abiria wanaopunguziwa bei halafu wanataka wapakie na mbuzi, anamtania mama yake kwamba samaki wake wananuka hadi Ubundu. Kila video aliianza namna moja, kwa sauti ya juu, "Boyoma, mbote na bino!" Boyoma ndiyo sisi, mji wetu, na hayo mengine ni salamu ya Lingala: hamjambo nyote. Kila jioni Fanny alimfungulia mama ukurasa huo. Na Mama Félicité hakuangalia picha. Aliibandika simu sikioni kama mtu aliyepigiwa, akasikiliza, na mara nyingine akamjibu, akimwita papa, kama mama zetu wanavyowaita wana wao.

Basi nikaanza kazi. Niliripoti video kwenye kampuni yenye mtandao ule, kama raia yeyote anavyoripoti. Jibu lilikuja upesi: tumeipitia, haikiuki kanuni zetu. Ndani ya video watu wanapiga kelele kwa Kiswahili na Lingala, na nadhani huko hakuna aliyeelewa hata neno. Labda walidhani ni mpira. Niliripoti tena, nikaeleza kwa Kifaransa safi. Safari hii wakaniandikia: kama wewe ndiye mtu anayeonekana kwenye video, bonyeza hapa.

Nilikwenda chumba cha pili kwa mkurugenzi wetu, Papa Célestin, mtu mwema anayechoka kabla ya saa sita.

"Papa, kampuni haisikii."

"Chimène, tuko na accord na bale bazungu, si ndiyo? Kinshasa ilisigné. Alors, tumikisha accord."

Ni kweli, mkataba tulikuwa nao. Mamlaka za udhibiti za nchi nyingi zilikubaliana kusaidiana: mtu akiumizwa mtandaoni katika nchi moja, na kampuni iko nchi nyingine, wadhibiti wa huku na huko wanazungumza. Jambo zuri sana kwenye karatasi. Katika mikutano yetu wenye nchi kubwa huzungumza kwanza, na sisi tunaingia kwenye kipengele cha mengineyo, pale watu wanapoanza kuaga. Nilinunua bando kwa hela yangu, nikasubiri mengineyo, nikasema yote kwa pumzi moja kabla umeme haujakatika.

Wengine walishaanza kuaga. Halafu mtu mmoja akasema, "Chimène, usiondoke."

Huyo alikuwa Émile, kutoka mamlaka ya nchi ile ambako kampuni imeandikishwa. Simsemi vibaya Émile. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu mbaya. Aliiangalia video yote, jambo ambalo wakuu wangu hawakuthubutu, na siku iliyofuata alinipigia.

"Nina binti wa umri wa Josué," alisema. "Nitalifuatilia hili mwenyewe."

Na alilifuatilia. Aliandika, alipiga simu, aliwaita watu wa kampuni ofisini kwake. Alirudi kwangu na habari: nakala za video zilikuwa mamia, nyingine zimekatwa, nyingine zimewekewa muziki. Kuziripoti moja moja kusingefika popote. Lakini kampuni ilikubali, kwa ombi la pamoja la mamlaka mbili, kuamuru mashine yake imtafute Josué kila mahali na kumwondoa. Walitaka vitu viwili tu: saini ya mzazi, na picha inayoonyesha uso vizuri. Mtu awe anatazama mbele, mwanga wa kutosha, bila kofia.

Nilimwita Mama Félicité. Hakuuliza mara mbili. Alifungua mfuko wake akatoa fulana iliyokunjwa vizuri, akaitandaza juu ya meza yangu. Kifuani alikuwepo Josué, shati jeupe, meno yote nje, anacheka na mpiga picha.

"Iko hii," alisema. "Hii njo yeye kabisa."

"Kuna ingine, mama?"

"Zingine zilikuwa ndani ya telefone yake. Hii Fanny aliitoa kwa page ya Josué. Nani hayue hii? Boyoma yote inaijua."

Alisema kweli. Kwetu mtu akifa, familia inachagua picha moja, iliyo nzuri kuliko zote. Inachapwa kwenye fulana, inawekwa kwenye bango njia ya kuingilia uani, na kila anayemlilia anaiweka kwenye ukurasa wake mtandaoni mahali pa uso wake mwenyewe. Mpaka matanga yaanuliwe, ukimtafuta shangazi, mjomba, mwenzake wa shule, mteja wake, wote unawakuta na uso mmoja. Josué alipendwa. Madereva wa taxi-moto wote waliiweka. Mamangu, ambaye hakuwahi kumwona, aliiweka.

Fanny akanitumia picha ile. Nikaangalia masharti: anatazama mbele, mwanga upo, kofia hana. Mama Félicité akatia saini yake polepole, herufi moja moja. Nikamtumia Émile. Émile akajibu: picha safi kabisa, asante. Tulikuwa watu wawili wazima tuliosoma, mmoja huku na mmoja kule, na hakuna aliyejiuliza uso ule unakaa wapi. Mimi nilikuwa nimeuzoea mno kuuona. Yeye hakujua hata kidogo kwamba kuna watu wanaolia namna hiyo.

Mvua zilipokaribia kwisha, mkutano ukaitishwa. Safari hii hatukuwekwa kwenye mengineyo. Tuliwekwa mwanzoni, na kichwa chetu wenyewe: Kesi ya Kisangani. Mwenyekiti alisema kwamba kwa mara ya kwanza mamlaka ndogo na mamlaka kubwa zimefanya ombi la pamoja na kampuni imeitikia, na vitu mamia vyenye uso wa marehemu vimeondolewa. Vikatokea vile vikono vinavyopiga makofi, skrini nzima. Émile alinitaja kwa jina. Papa Célestin, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alitoka akarudi na Fanta baridi, akaiweka mbele yangu. Nilifurahi, sitaficha. Nilifurahi mpaka nikawasha kamera, mawasiliano yakakatika.

Nilimpigia Fanny: mwambie mama imetoka. Nilisikia yowe la furaha la mama kabla Fanny hajakata simu. Kumbe na sisi tunaweza kitu, nilijiambia. Sijui nani alinidanganya hivyo, hata nisiitafute mwenyewe kuhakikisha.

Mama Félicité alituma habari Yanonge. Ndugu wakaanza kupanga safari ya mto. Alinunua pagne mpya, kitenge cha maua ya njano, akaipeleka kwa fundi. Siku moja kabla ya sherehe alikuja ofisini kunishukuru, ameleta samaki ndani ya majani, liboke bado la moto, na safari hii kitambaa kichwani alikifunga juu, paji la uso likaonekana. Sikujua kama ana paji zuri vile. Alikaa bila kuambiwa.

"Kesho utakuya, Chimène. Utakula, utacheza."

"Nitakuja, mama."

Fanny alikuwa amesimama karibu na dirisha, mahali penye mtandao, anagusa kioo chake kilichopasuka. Aligusa tena na tena. Kisha akaniita chinichini, kwa heshima, kama wadogo wanavyoita wakubwa.

"Ya Chimène. Page ya Josué iko wapi? Tangu ile siku ulitupigia minatafuta. Minawaza ni réseau, na mama namwambia hivyo."

Nilichukua simu yangu. Niliandika jina la ukurasa. Ukurasa haupo. Nikajaribu kwa njia nyingine: akaunti hii imeondolewa. Nikafungua kwa shangazi yao: mahali pa picha pana kichwa cha kijivu kisicho na uso. Kwa mjomba, kijivu. Kwa madereva, kijivu, kijivu, kijivu. Tangazo la mazishi halipo. Ukurasa wa mamangu wenyewe ulikuwa kijivu, na mimi sikuwa nimeona, kwa kuwa nani anaangalia picha ya mamake?

Ndipo nikaandika yale maneno mengine. Mwizi wa watoto, Kisangani. Video ikaja ya kwanza kabisa. Ya pili ikawa ile ya muziki.

Nilijua kabla sijampigia Émile. Video ile nilikuwa nimeiangalia mara nyingi kuliko mtu yeyote. Kuna migongo, kuna vumbi, kuna mikono. Na baadaye, mtu anapomsogelea Josué na simu yake, hakuna tena kitu ambacho mashine ingekiita uso. Mashine iliambiwa itafute uso wa Josué, na ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Iliupata kila mahali alikopendwa.

Émile alipokea. Nilimweleza.

"Lakini kwa nini watu wengi hivyo walikuwa wanatumia uso wake?" aliuliza.

"Ndivyo tunavyolia," nilimwambia.

Alisema samahani. Alirudia kusema samahani. Alisema atawapigia kampuni sasa hivi, na kweli aliwapigia, nami nikasubiri nimeshika simu huku Mama Félicité ananitazama, liboke linapoa mezani. Alirudi na jibu. Ukurasa unaweza kurudishwa, rufaa ipo. Lazima tu mwenye akaunti akate rufaa yeye mwenyewe, kwa kujirekodi uso: anatazama mbele, anageuka kulia, anageuka kushoto.

"Amekufa, Émile."

"Najua. Niliwaambia. Wanasema kwa waliokufa kuna utaratibu mwingine, wa kufunga akaunti. Lakini hii imeshafungwa. Na vilivyomo vimeshafutwa, Chimène. Havikuwekwa pembeni. Nitaliweka kwenye ajenda ya mkutano ujao. La kwanza kabisa, nakuahidi."

Nilimjibu vibaya, na sitayaandika niliyomjibu. Hakustahili, na niliyasema.

Kisha ikabidi nimwambie mama. Nilisema yote, sikupunguza. Papa Célestin alikuwa amesimama mlangoni akasikia, akavua miwani, akaingia chumbani kwake akafunga. Fanny alilia mara moja, kwa sauti, amejifunika uso na mkono. Mama Félicité hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuuliza, taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya nyumba.

"Fanny, sauti yake iko kwa telefone yako?"

"Hapana, mama. Nilikuwa nafungua page tu."

"Kwa bandeko yake ya taxi-moto?"

Fanny alitikisa kichwa. Nani anahifadhi kitu kinachopatikana kila siku? Alikuwa amewauliza madereva tangu siku ile, alipodhani ni mtandao unasumbua. Kila mmoja alikumbuka zile video, hata wakamwigia. Hakuna aliyekuwa nayo hata moja.

"Na ile," mama akasema. "Ile ingine. Iko?"

"Iko, mama."

"Sauti yake iko ndani?"

Nilifungua mdomo niseme niliyoyasema siku ya kwanza. Alinitangulia.

"Ulinihurumia, Chimène. Mi najua. Josué hakuwe mutu ya kunyamaza. Alisema nini?"

"Alikuita," nikasema. "Aliita mama."

Aliinamisha kichwa. Nje mtu alikuwa anapiga honi ya pikipiki, anaita abiria. Mahali fulani kwenye mto, ndugu wa Yanonge walikuwa njiani wanakuja na ngoma zao kuanua matanga. Mama Félicité alipandisha mikono, akakifungua kitambaa alichokifunga juu, akakifunga upya, chini, mpaka kwenye nyusi. Halafu akanyoosha kiganja.

Nilimwambia asifanye hivyo. Fanny alimwambia. Kiganja hakikushuka. Nilikuwa nayo ndani ya simu, imehifadhiwa salama, kama ushahidi. Niliisogeza mpaka mahali pale anapoita, nikafunika kioo kwa karatasi ya ofisi ili asione kitu, nikamkabidhi. Aliibandika sikioni kama mtu aliyepigiwa.

"Naam, papa," alijibu. "Mama iko hapa."

Ilipoisha, aliniomba nimrudishie mwanzo.